Mama Nywele na Bega Lake

Mama Nywele hakuwa na muda wa kuugua. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, msusi wa kusimama tangu saluni inafunguliwa hadi inafungwa, viwiko juu, mdomo haupumziki. Bega la kulia lilipoanza kumuuma, kwanza aliusingizia mto. Mto ukabadilishwa. Akamsingizia mumewe kwamba anamlalia. Mume akahamia upande wa pili wa kitanda, bega likaendelea kuuma. Siku aliposhindwa kuufikisha mkono utosini kwa mteja, akaenda hospitali.

Alipokewa na kijana mpole wa mazoezi ya viungo, akabandikwa nyaya mbili: mmoja pale bega linapokutana na shingo, mwingine ubavuni, chini ya kwapa. Kwenye kioo cha mashine ikatokea mistari miwili, kila mmoja ukionyesha kazi ya msuli wake.

"Weka viganja ukutani, mama, juu ya kichwa. Haya, sukuma."

Alisukuma. Mstari wa shingoni ukaruka kama umeng'atwa na siafu. Wa ubavuni ukabaki umelala.

"Sasa vishushe viwe usawa wa kifua. Nyoosha viwiko, sukuma taratibu mpaka usikie mafupa bapa ya mgongoni yanaachana."

Safari hii wa ubavuni ukaamka, wa shingoni ukatulia. Mama Nywele akautazama kwa jicho baya.

"Kumbe huyu wa mbavuni siku zote anakula bure, mwenzake ndiye anayechakarika?"

"Hajapewa nafasi tu. Wewe unasuka viwiko viko hewani na mabega yamepanda masikioni, kwa hiyo mzigo wote unamwangukia wa shingoni. Fanya zoezi hili kila siku. Na viti vya wateja uvishushe."

Zoezi alilikubali. Viti, hapana. Stuli zake zilikuwa ndefu makusudi, mpita njia aone kichwa kinavyopendeza. Hilo ndilo lilikuwa tangazo lake.

Nyumbani mumewe alimkuta anasukuma ukuta wa chumbani.

"Nyumba inataka kutuangukia?"

"Namwamsha mtu ubavuni."



Saluni, kuta zote zilijaa vioo isipokuwa ule wa plaiwudi uliomtenga na jirani yake kinyozi. Mchana mmoja, wateja wakiwa wameadimika, Mama Nywele akaweka viganja pale, usawa wa kifua, akasukuma kama alivyofundishwa. Akamsikia yule mvivu wa ubavuni anaitika. Utamu ukamkolea, akaongeza nguvu. Plaiwudi ikalia kidogo, halafu ikaenda zake, pamoja na rafu ya poda iliyokuwa upande wa pili.

Vumbi lilipotulia, kinyozi alikuwa amejibanza pembeni, mashine ameikumbatia. Kitini ameketi mtu mweupe pepepe, kidevu nusu kina ndevu na nusu hakina. Alikuwa yule kijana wa hospitali.

Akakohoa. "Mikono ilikuwa wapi, mama?"

"Usawa wa kifua."

"Viwiko?"

"Vimenyooka."

"Mabega hayakupanda?"

"Hata kidogo, mwanangu."

"Basi umefanya vizuri," akasema, akijifuta macho. "Ila mimi nilisema ukuta."

Kinyozi aligoma kutoka pale pembeni amalizie kazi. Mama Nywele, kwa aibu, akaichukua mashine mwenyewe. Kiti cha kinyozi kilikuwa kifupi, hivyo akanyoa viwiko vikiwa vimetulia karibu na mbavu, akimwomba radhi mnyolewa toka sikio hadi sikio. Alipozima mashine ndipo alipotambua kuwa bega halikuwa limemsemesha neno. Akamtazama kijana. Kijana alikuwa anajitazama kidevu kwenye kioo, anatabasamu.

Kesho yake stuli zote zikapelekwa kwa seremala zikakatwe miguu. Wateja walilalamika kwamba sasa hawaonekani barabarani, naye akawaambia wataonekana wakisimama. Maumivu hayakuisha mara moja. Yalipungua polepole, na siku ya wateja wengi bado hubisha hodi.

Kinyozi aliirudishia plaiwudi kwa misumari mirefu zaidi, akahamishia poda zake ukuta mwingine. Mpaka leo, akisikia kimya kimezidi upande wa pili, huacha kunyoa akaita:

"Mama Nywele, unafanya nini huko?"

"Nimekaa tu, jirani," humjibu, hata kama amesimama.