Matanga ya Mfungwa Aliye Hai

Mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea ustawi wa jamii, nilipangiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, katika gereza moja huku kwetu Bariadi. Wenzangu waliopelekwa hospitalini walinionea huruma. Mimi nilifurahi. Nilidhani nikifanya kazi vizuri serikali itaniajiri, ingawa kila siku redio ilikuwa ikitangaza watumishi wanapunguzwa na viwanda vinauzwa.

Afande wa ustawi, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinipa kazi ya kuzungumza na wafungwa waliobakiza muda mfupi na kuwatafutia ndugu wa kuwapokea. Mfungwa akiletwa mbele yangu alichuchumaa sakafuni, hata kama ana umri wa baba yangu. Niliwaambia wakae kwenye benchi. Gadi, askari aliyekuwa akiwaleta, alinicheka.

Mmoja wao alikuwa mkulima wa pamba kutoka kijiji kilicho ndani kidogo kutoka Dutwa. Alikuwa amemjeruhi jirani kwa panga wakigombea malisho. Mwanzoni alijibu kila swali kwa "ndiyo, afande." Nilipomsalimia kwa Kisukuma, akainua uso.

"Kumbe wewe ni wa hapa hapa, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Basi nenda nyumbani. Mwambie mke wangu natoka pamba ikianza kupasuka. Mwambie asiuze ng'ombe, nitalima nao msimu ujao."

"Mara ya mwisho alikuja lini kukuona?"

"Kaka yangu alikuja zamani. Mke hajafika. Ni mbali, na ana watoto."

Afande aliniruhusu. Nilipanda basi hadi Dutwa, nikakodi baiskeli ya kunipeleka kijijini. Kabla sijaiona nyumba nilisikia mashine ya kusaga. Ilikuwa ya kaka mtu. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe kuingia, yeye ndiye aliyekuwa wakala wao pale, na nyumba yake ilikuwa imeezekwa bati jipya.

Nilipotaja jina la ndugu yake na gereza nilikotoka, alizima mashine. Akanivuta nyuma ya ghala.

"Ndugu yetu alifariki," alisema. "Kwa kuhara, huko huko gerezani. Tumeshakaa matanga, tumenyoa nywele."

"Baba, nimeongea naye juzi."

Hakushtuka.

"Binti, wewe ni mtoto wa hapa, unajua mambo yetu. Yule alitutia aibu. Ng'ombe wake nimewauza, ndiyo mashine hii unayoiona. Mke wake nimemrithi, watoto wake wanakula kwangu. Sasa unataka niwaambie nini watu?"

Chuoni tulifundishwa kupatanisha familia. Hatukufundishwa kumfufua mtu. Nilipogeuka, mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, na ungo umemdondoka miguuni. Alipiga goti kunisalimia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, mbele ya yule mwanaume:

"Anakula?"

"Anakula, mama. Ni mzima."

Kaka mtu akamfokea arudi jikoni, naye akarudi.

Nilimweleza afande yote. Alisema, "Lazima ajue kabla hajatoka. Akiyakuta mwenyewe, ataua mtu, na tutampokea tena hapa kwa kesi isiyo na mwisho." Akaketi pembeni yangu, nikamwambia yule mfungwa. Nilisema polepole, kwa Kisukuma. Alisikiliza hadi mwisho. Aliteremka kwenye benchi, akachuchumaa sakafuni kama wengine.

Siku ya kutoka kwake nilimsindikiza stendi. Kondakta wa basi la Lamadi alimuuliza, "Mzee, Dutwa?" Akajibu, "Hapana. Nipitishe. Mwisho wa safari." Alisema huko Lamadi, ziwani, atapata kazi ya kubeba samaki. Aliniaga kwa kunishika mkono, nikahisi sugu za kiganja chake.

Kesho yake asubuhi yule mwanamke alikuja gerezani. Alikuwa na mtoto mgongoni na kifurushi cha nguo, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametoroka.

"Nimemfuata mwenzangu," alimwambia gadi wa getini.

Mimi ndiye niliyeitwa kumweleza kwamba mwenzake aliondoka jana. Alikaa chini kivulini mwa ukuta. Afande alimletea maji, akaenda mwenyewe barabarani kumwombea nafasi kwenye lori la Lamadi. Mwanamke alipanda bila kuuliza Lamadi ni kubwa kiasi gani.

Fildi ikaisha. Mwalimu chuoni aliisifu ripoti yangu, akasema nimefika hadi kwenye familia, jambo ambalo wengi hawafanyi. Kazi serikalini sikupata; nafasi zilikuwa zimefungwa, na afande naye alipunguzwa kabla ya muda wake.

Shangazi yangu wa Dutwa ndiye aliyenipa habari za mwisho. Mwanamke alimtafuta mumewe katika mialo yote ya kushushia samaki ya Lamadi. Akaambiwa mtu wa namna hiyo amevuka kwenda visiwani. Aliporudi kwa baba yake mzazi, baba alimkataa. Ng'ombe wa mahari alikuwa ameshawatumia kumwozea kijana wake mke, hakuwa na wa kurudisha. Baba mwenyewe alimrudisha kwa yule shemeji aliyemrithi, na shemeji alimpokea mbele ya watu wote, mashine ikisaga.