Maji Ndani ya Tangi la Hewa

Watu huniambia hasira hasara. Kwangu mimi hasara ilitangulia, hasira ikaja baadaye, na hadi leo nikimwona mtu anayejaza magurudumu upepo, kwanza namuuliza kama amekamua maji kwenye kompresa yake. Kama hajakamua, namfokea mbele ya wateja. Wananiona mzee mkorofi, na wacha wanione.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa uhuru msituni, nilikuwa fundi katika kiwanda cha kupasua mbao kando ya msitu, juu ya Kiirua. Nilikuwa kijana kutoka Mikinduri, nina cheti cha shule ya ufundi na kichwa kikubwa. Injini yetu haikutumia dizeli. Ilitumia gesi iliyotoka kwenye tanuri la mkaa, na gesi hiyo ilipita kwenye vali moja kabla ya kuingia ndani ya injini. Vali ikifunguka zaidi injini hukimbia, ikifunga hulegea. Vali yenyewe ilisukumwa na hewa ya kompresa, na juu yake palikuwa na kisanduku cha chuma kilichohakikisha kwamba inasimama pale pale ilipoamriwa.

Nilikipenda kisanduku kile, ingawa naona haya kusema hivyo. Amri ilikifikia kwa presha ya hewa kutoka kwenye kidhibiti cha mwendo wa injini. Mkono mdogo wa chuma, ulioshikana na ufito wa vali, ulikiambia vali iko wapi hasa. Vali ikiwa nyuma ya amri, kisanduku kinaiongezea hewa, ikipitiliza, kinaipunguzia. Kulikuwa na skurubu mbili, moja ya mahali vali inapoanzia na nyingine ya urefu wa mwendo wake. Ukigusa ya pili unaiharibu kidogo ile ya kwanza, kwa hiyo unarudi nyuma, unarekebisha, unakwenda tena kwa ya pili, unarudi tena, mpaka zipatane. Mwenye pupa haiwezi kazi hiyo.

Aliyenifundisha hayo ni mwenzangu, Mwembu wa Kianjokoma, mtu aliyenizidi miaka kama kumi na asiyekuwa na cheti chochote. Desturi yake ilikuwa kwamba skurubu haiguswi na mtu mmoja peke yake. Mmoja anashika bisibisi, mwingine anatazama geji na kutamka anachokiona, na aliyeshika bisibisi haruhusiwi kubishana.

"Kijana, macho yako inakupenda wewe," aliniambia. "Itakuambia tu ile kitu unataka kusikia."

Nilinuna mara nyingi, lakini vali ilitulia.

Adui wa kisanduku ni maji. Ndani yake kuna tundu jembamba kuliko la sindano, na hewa lazima ipite hapo bila kizuizi. Hewa ikikandamizwa hutoa maji, na kule mlimani penye ukungu ilitoa mengi. Maji hayo hukaa chini ya tangi, na sharti yakamuliwe asubuhi kabla kompresa haijawashwa. Yakiachwa yanafuata bomba, yanabeba kutu na oili, yanaziba lile tundu. Likiziba, kisanduku kinamwaga hewa yote juu ya vali na vali inabaki wazi kabisa. Mwenzangu alikuwa akikamua tangi kila alfajiri, kwa kuwa kibanda chake kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kompresa.

Kisha ikaja amri ya serikali. Wakikuyu, Waembu na Wameru tukatolewa vibandani na kufungiwa ndani ya uzio wa miiba chini ya kiwanda, wenye mtaro na lango moja. Lango lilifunguliwa jua likiwa limeshapanda, baada ya sisi kuhesabiwa tukiwa tumechuchumaa kwenye umande, wanaume wazima wenye wake na watoto, mikono kichwani. Nikikumbuka magoti yangu yalivyolowa bado natukana.

Bwana wa kiwanda, mzungu, naye hakutaka mbao zichelewe. Akamwagiza mkubwa wa homugadi, yaani wale wenzetu waliopewa bunduki na serikali ili watuchunge, awe anawasha kompresa na injini mapema. Homugadi alijua kuwasha. Kukamua maji hakujua, na alipoelekezwa alisema yeye si mpishi. Tulipofika kazini injini ilikuwa mbioni, na kukamua tangi wakati huo kungeshusha presha, vali ingefunga na msumeno ungesimama. Bwana alikataza msumeno usimame. Jioni nako, filimbi ya kuturudisha uzioni ililia msumeno ukingali unazunguka.

Mwenzangu alimwendea Bwana mara tatu, kofia mkononi, kuomba pasi ya kutoka langoni mapema. Mara ya tatu nilikuwepo.

"Bwana, hii tangi inajaa maji. Siku moja vali itakataa."

Bwana hakuinua hata macho. "Wewe nataka toka mapema peleka chakula kwa watu ya msitu. Mimi hapana mjinga."

Mapumziko ya chakula hayakutosha kumwaga tangi na kulijaza upya, basi kila adhuhuri tukawa tunafungua kisanduku na kuzibua tundu kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Tulikula viazi vyetu tumesimama. Kwa wiki kadhaa hila hiyo ilitosha.

Siku vali ilipokataa, tulikuwa tunapasua nguzo za uzio wa kambi ya kuzuilia watu. Ilikuwa asubuhi, hata adhuhuri haijafika. Nilisikia injini ikipandisha sauti, ikapandisha tena, na nilipotazama vali ufito wake ulikuwa umefika mwisho na hauonyeshi nia ya kurudi. Nilikimbilia gurudumu la mkono kufunga gesi. Kabla sijalimaliza, mkanda wa injini ulichomoka ukavunja dirisha la ofisi, na msumeno ukang'oka meno. Hakuna aliyeumia.

Bwana alitoka na vipande vya kioo mabegani, homugadi nyuma yake na bunduki. Akatusimamisha mimi na mwenzangu ukutani.

"Nguzo ya kambi, halafu injini naharibika. Nani nafanya hii? Kama hapana sema, nyote mbili nakwenda kizuizini."

Kizuizini siku zile hakukuwa na tarehe ya kutoka. Mwenzangu alinibana kiwiko. Nilimwelewa: nyamaza. Kisha yeye mwenyewe akasema, kwa sauti ya mtu mchovu, "Bwana, hii mashine imezeeka. Imechoka tu."

Bwana akaigeukia injini. Ilikuwa kuukuu kweli, imefungwa waya kila mahali, na yeye ndiye aliyeinunua ikiwa tayari imetumika. Niliona shaka ikimwingia usoni. Laiti ningeuma ulimi.

Lakini nilikuwa nimechemka. Miezi ya kuchuchumaa, miezi ya kuitwa mwongo, na sasa injini niliyoitunza kama mboni ya jicho inasemwa imechoka, kana kwamba mimi sikuijua kazi yangu. Nikasema, "Hapana, Bwana. Mashine ni nzima. Ni maji." Nikafungua kisanduku nikamwonyesha tundu lililoziba tope la kutu. Nikaleta ndoo, nikaiweka chini ya tangi, nikafungua koki. Maji yalitoka ya kahawia, yakajaa ndoo, yakafurika hadi kwenye viatu vyake. Nikamweleza hatua kwa hatua, vizuri sana, jinsi maji yanavyosafiri na jinsi vali inavyobaki wazi. Sijawahi kueleza jambo vizuri hivyo maishani.

Bwana alielewa. Nilimwona akielewa, na nilijiona nimeshinda. Akaingia ofisini, akarudi na karatasi ya kazi iliyopigwa chapa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Kukamua tangi. Hii kazi ya nani?"

Nikaona jina la mwenzangu. "Yake, Bwana, lakini lango..."

"Mimi hapana uliza lango."

Nilipiga kelele. Nilisema kuhusu pasi, kuhusu mara tatu, kuhusu kofia mkononi. Homugadi alinisukuma kwa kitako cha bunduki nikakaa chini kwenye yale maji. Mwenzangu walimpakia kwenye lori lile lile lililokuja kuchukua nguzo, akakaa juu ya nguzo hizo.

Alasiri hiyo niliamriwa nitengeneze. Nilisafisha kisanduku, nikarekebisha skurubu peke yangu, bila mtu wa kunisomea geji. Siku iliyofuata Bwana alinipa pasi ya kutoka langoni kabla ya wengine, yenye sahihi yake, na sababu iliyoandikwa ilikuwa kukamua maji. Niliichukua. Niliitumia mpaka uzio ulipobomolewa, na naandika hivi ili mtu asije akadhani niliikataa.

Mwenzangu alirudi baada ya miaka mingi. Niliposikia, nilikwenda Kianjokoma. Nilimkuta akipalilia kahawa, amekonda, mguu mmoja anauburuta. Mkewe alinipa uji, na nikayatoa yote niliyokuwa nimeyatayarisha: Bwana, homugadi, lango, serikali. Alinisikiliza hadi mwisho, ameegemea mpini wa jembe.

"Ile siku Bwana alikuwa anaanza kuamini mashine imezeeka," alisema. "Uliona?"

"Niliona."

"Sasa mbona uliongea?"

"Ilikuwa ni kweli, mzee."

Akatikisa kichwa. "Mimi pia nilijua kweli. Wewe uliongea sababu hukutaka mzungu aseme wewe ni fundi mbaya."

Kisha akarudi kupalilia. Nilimaliza uji, nikamshukuru mkewe, nikaondoka. Nilimkasirikia njia nzima hadi Embu mjini, kwa sababu hakukosea hata neno moja.