Makala Nilizoandika Kabla ya Mahari

Mkutubi wa chuo chetu alituitia semina kuhusu namba ya mwandishi, ile inayomfuata mtafiti kila anapochapisha, hata akibadili jina au akihama chuo. Mimi nilifuata chai na maandazi. Nikamwambia mbele ya wenzangu, "Dada, nina kitambulisho cha taifa, cha mpiga kura, cha bima na cha chuo. Sasa mnataka kunivisha na hereni ya ng'ombe?" Watu wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu tu, akaniongezea chai.

Sikio la kufa halisikii dawa. Baadaye niliomba kupanda cheo niwe mhadhiri mwandamizi, na kamati ikarudisha faili langu. Makala zangu za mwanzo kuhusu magonjwa ya kahawa, zilizonitoa jasho kwenye miteremko ya Meru, eti ni za mtu mwingine. Nilizichapisha kwa jina la baba. Nilipoolewa nikahamia Lemara na, kwa utiifu ambao sijawahi kuurudia, nikahamia hadi kwenye jina la mume.

"Dokta, tuthibitishie kwamba huyu naye ni wewe," katibu wa kamati akasema.

Nilitamani kumpiga na lile faili. Bila makala zile, cheo hakuna.

Jumamosi nilipanda na mume wangu kwa wazazi wangu, mlimani Meru, nikamwaga hasira zote mbele ya baba. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Uliziandika kabla ya mahari?"

"Kabla, baba."

"Basi ni za hapa. Ng'ombe akitolewa, ndama aliyekwisha kuzaliwa anabaki bomani." Akamgeukia mume wangu. "Mkwe, sisi tuliwapa binti. Makala hatukuwapa."

Mume wangu alipaliwa na chai. Mimi sikujua nikasirike kwa kuitwa ng'ombe au nishukuru kwa kutetewa.

Jumatatu niliingia maktaba kwa kunyata, kuomba ile namba. Mkutubi hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. "Jaza majina yako yote," akasema. Nikaandika la baba na la mume, na makala za kwao na za kwetu zikakaa chini ya namba moja bila ugomvi. Kamati ikaridhika, cheo nikapata.

Nilirudi mlimani kumwonyesha baba kwenye simu. Akavaa miwani, akalitafuta jina lake, akalisoma kwa sauti.

"Nikifa, wataliondoa?"

"Hapana, baba."

Nilikuwa nimejiandaa kumtania. Badala yake nikamkuzia herufi.

"Sasa mama yako yuko wapi humu?"

"Mimi?" mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Kwani mimi nimeandika nini?"

"Ndizi za ada yake ya shule nilizibeba mimi kwenda sokoni?" baba akamjibu.

Kwenye simu kulikuwa na nafasi ya majina mengine ya mwandishi. Nikaliandika la mama, baba akisimamia kila herufi, na hakuna aliyetuambia tuthibitishe.