Hewa Isiyo na Harufu

Mdogo wangu alikuwa akikariri kwa sauti, na nyumba nzima tulikoma naye. Kemia yote aliimwaga kwa Kiingereza, asubuhi akiswaga ng'ombe, jioni akila ugali. Mimi niliyeishia darasa la saba sikuambulia neno. Nilimwambia tu apunguze kelele.

Alipomaliza kidato cha nne akanifuata Nyarugusu, nilikokuwa nauza chakula machimboni, akapata kibarua kwenye shimo moja la dhahabu huku akingoja matokeo. Mvua ilikuwa imelijaza maji. Shimo ni refu, pampu ikikaa juu haivuti, kwa hiyo waliifunga kamba wakaishusha na injini yake ya petroli, ikanguruma humo humo chini. Wengi pale walifanya hivyo. Mchana ikazimika. Akashuka kuiwasha, nami nimesimama na ndoo yangu ya wali. Hakupanda tena; tukaita mpaka sauti zikatukauka. Aliyetaka kumfuata alishikwa kwa nguvu na wenzake.

Walimtoa jioni, hana hata mchubuko. Wakasema shimo limetaka damu. Nikawaambia waniondokee na mashimo yao.

Msibani alikuja mwalimu wake wa kemia. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kilichomuua ndugu yangu. Akanieleza kwa Kiswahili chepesi: injini ikiunguruma shimoni inatoa hewa yenye sumu, haionekani, hainuki, ukiivuta unalegea na kufa. Nilielewa palepale, na darasa langu la saba.

"Na yeye hamkumfundisha?"

"Nilimfundisha," akasema. "Swali hilo alikuwa halikosi."

Nilitamani kumzaba kibao, mwalimu wa watu. Kumbe naye alikuwa analia.

Matokeo yakatoka. Kemia, A. Mama akaniuliza kama hiyo ni nzuri, nikamjibu ni nzuri sana, akainama akalia upya.

Baada ya matanga nikarudi machimboni, maana tumbo halina msiba. Kwenye shimo lile lile nikamkuta rafiki wa mdogo wangu aliyesoma naye dawati moja, anaifunga pampu kamba. Nikamweleza yote, neno kwa neno kama nilivyoelezwa. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaitaja hewa ile kwa jina lake la Kiingereza na maelezo yake yote, hakukwama popote.

"Naijua, dada," akasema. "Hiyo ilikuwa ya mtihani."

Akaanza kuishusha pampu.