Lango Alilolizeesha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi mwashi, na kazi yake ni kuzeesha kuta. Usicheke. Huku kwetu kila mji una mfalme wake na ukuta wake, na mji mkongwe kuliko yote ndio unaokaa mbele kwenye baraza la miji.

Sasa lango letu lilikuwa limejengwa juzijuzi tu, na wakaguzi wa miji mingine wako njiani. Mfalme akamwambia shemeji, "Likionekana jipya, kazi huna."

Shemeji akapaka mawe mtindi yaote ukungu, akachonga nyufa, akaliinamisha lango upande mmoja.

"Baba Mapacha, umezidisha," dada akamwambia.

"Mama, niache. Umeona wapi mzee asiye na mikunjo?"

Wakaguzi wakafika, wakalitazama, wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Ushindi wa ukongwe wakatupatia wakiwa hukohuko nje, hakuna aliyethubutu kupita chini yake.

Basi kazi shemeji anayo, na sifa tele. Ila mji mzima sasa tunapitia mlango wa nyuma, na anayetangulia ni yeye.