Moshi Alioutamani Mama

Breki za upepo za malori nilizisikia kabla sijaona chochote duniani. Nilikuwa bado tumboni.

Mama alikaanga vitumbua Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro. Mimba yangu ilimtamanisha moshi wa dizeli. Basi likiunguruma, aliuinamia, akauvuta kama ubani.

"Mwacheni," bibi alisema. "Mjamzito akinyimwa anachotamani, mtoto hutokwa udenda."

Baba akamsogezea kigoda karibu zaidi na kituo. Nilipozaliwa, nyumba nzima iliniita Dizeli.

Nikiwa na miaka sita homa ilianza. Nilimeza dawa za malaria mara tatu. Miguu ikajaa madoa ya zambarau. Majirani wakadhani Mama ananichapa. Asubuhi moja povu la mswaki lilitoka jekundu, na damu haikukata. Hospitalini walinitoboa mfupa wa nyonga, wakachukua uboho wa kupima.

"Ni saratani ya damu, mama," daktari alisema. "Wakati wa mimba ulikuwa unaishi wapi?"

"Kwetu Njombe."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Dawa zilinichubua kinywa hadi mate yakawa moto. Nywele zilibaki kwenye mto. Asha wa kitanda cha pili alinitania, "We Dizeli, mbona huzimiki?" Jumatatu moja niliamka, godoro lake likiwa halina shuka.

Mimi nilipona. Nawashukuru wauguzi walionishika mikono nikipiga mateke. Mzazi, homa ikirudi-rudi na madoa yakitokea, dai mtoto apimwe damu. Na mjamzito akitamani moshi, mhurumie, lakini msogeze mbali.

Mama pekee hapokei shukrani zangu. Mwezi uliopita, nikiwa mtu mzima, tulikwenda pamoja kliniki. Nikamuuliza daktari yuleyule kuhusu moshi.

"Watafiti wanauhusisha na baadhi ya saratani za watoto, hata wakiwa tumboni," alijibu. "Ila kwa mtoto mmoja, hakuna awezaye kusema ndio uliosababisha."

"Nilikudanganya, daktari," Mama alisema. "Sikuwa Njombe. Nilikuwa barabarani, nauvuta kwa hamu."

"Hata ungesema, mama, matibabu yangekuwa yaleyale. Usijilaumu."

Nilidhani atashusha pumzi.

"Afadhali ungenigombeza," alisema. Nikamshika mkono, akautoa taratibu, kidole kimoja kimoja. Akajitanda khanga, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.