Mshenga wa Viazi

Kazini walimwita Mshenga, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa kwa fundi. Kazi yake ilikuwa kufungisha viazi ndoa. Ndiyo, viazi, hivihivi unavyovijua. Anachota unga wa ua la mmea huu kwa brashi, anaupaka kwenye ua la mmea ule, kisha analifunika kwa kifuko ili nyuki asije kuleta umbea wa kutoka nje. Sasa vuta picha: baba mwenye mwili wa kubeba mageti, vidole kama ndizi, ameinamia ua lisilozidi kifungo cha shati na pumzi ameishika. Ukimwona mara ya kwanza unacheka. Mara ya pili unanyamaza, maana pale kituo cha utafiti hakuna aliyewahi kumwona akivunja hata ua moja.

Brashi yenyewe ilikuwa ya kupaka rangi ya mashavu. Za kazini alizijaribu, akasema zina nywele ngumu, zinaingia kwenye ua bila hodi.

"Baba, brashi yangu iko wapi?" binti yake aliuliza siku alipokuwa anajiandaa kutoka.

"Iko kazini."

"Kazini inafanya nini?"

"Inapamba maharusi."

"Kwa hiyo mimi niende sherehe nimepauka, viazi ndivyo vipendeze. Sawa, baba. Sawa kabisa."

Lakini ushenga ulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuua. Watoto wa ndoa zile wakishakua, alikuwa anawapanga kwenye vyungu ndani ya banda la plastiki, anawakata mizizi kidogo kwa kisu, halafu anawamwagia maji yenye bakteria wa mnyauko. Wote, bila upendeleo. Fikiria mshenga anayefungisha ndoa, anasubiri watoto kwa hamu, kisha anawatilia sumu aone nani atabaki.

Hakuwa mkatili. Ugonjwa ndio mkatili. Bakteria anapita kwenye mizizi, anajaa kwenye mishipa ya maji ya mmea, anaiziba. Mmea unasimama kwenye udongo uliolowa na bado unakufa kiu. Jua likiwa kichwani unalegea, majani bado ya kijani, kama mboga iliyochemshwa ikiwa imesimama. Dawa ya kupuliza hakuna, na bakteria akishaingia kwenye udongo anakaa misimu na misimu. Ukitaka kuhakikisha, kata shina, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Kama mmea unaumwa, uzi mweupe kama maziwa utashuka taratibu kutoka kwenye kidonda. Mshenga alikuwa ameziona nyuzi hizo mpaka akaacha chai ya maziwa.

Uzi uliomuuma kuliko zote aliuona kwa mama mkwe wake. Mama yule alikuwa mkulima wa viazi, na ada zote za shule za mke wa Mshenga zilitoka kwenye shamba lile. Msimu mmoja shamba zima likalegea. Mshenga akakata shina, akaomba glasi, akapewa ile ya wageni kutoka kabatini, na wote wakatazama uzi ukishuka ndani ya glasi ya wageni. Ilibidi amwambie asipande tena viazi mpaka udongo upone, au mpaka kipatikane kiazi ambacho mdudu yule hakiwezi.

"Basi kitafute," mama mkwe alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Mkwe akikuambia hivyo, hiyo si lawama tena, ni mkataba. Tangu siku hiyo kila kiazi alichofungisha ndoa kilikuwa na shamba lake tayari, na shamba lilikuwa lile.

Ndipo pia likaja suala la karai. Kwenye mlango wa banda la kituo kulikuwa na maji ya dawa ya kukanyaga kabla ya kuingia, ili mtu asibebe udongo mgonjwa kwenye viatu. Mshenga akaweka karai kama hilo getini kwake. Majirani wakacheka, wakazoea. Siku mama mkwe alipokuja kusalimia, nyumba nzima ikashika roho mkononi.

"Mkwe, unaniosha kama nina ukoma?"

"Siyo wewe mama, ni udongo."

"Udongo wangu una nini?"

"Una wageni, mama."

Mama akatumbukiza viatu vyake vizuri vya kutokea. Mke wa Mshenga akanuna mpaka chakula kikapoa. Mshenga mwenyewe hakutetereka. Jamani, wapo wanaume wanaokabiliana na simba, lakini mwambie mmoja wao amkanyagishe mama mkwe maji ya dawa, uone kama hajakumbuka safari ya ghafla.

Sasa, kwenye banda kulikuwa na sheria: hakuna kukipa kiazi jina kabla hakijafaulu. Kinabaki na namba, kwa sababu ukikipa jina utakipenda, na ukikipenda umekwisha. Mshenga ndiye aliyekuwa anawafundisha wageni sheria hiyo. Na Mshenga ndiye aliyeivunja.

Kiazi kimoja alikiita Kichwa Ngumu. Ukoo wake ulianza na kiazi cha mwituni, kidogo, kichungu kama kwinini, lakini sugu kwa mnyauko. Mshenga alikiozesha kwa kiazi kitamu, watoto akawarudisha kwa ukoo mtamu, wajukuu vilevile, miaka ikaenda, ili uchungu utoke na usugu ubaki. Muonjaji alikuwa mke wake, mwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi, mwanamke asiyejua kubembeleza. Kizazi kimoja alikitema na kusema, "Nikiwauzia watu hiki, watanirudishia na sahani." Alipoonja Kichwa Ngumu hakutema. Alikula, akaongeza, kisha akafunika bakuli ili mumewe asiguse.

Mpinzani wa Mshenga alikuwa binti wa maabara waliyemwita Cherehani, kwa sababu yeye hafungishi ndoa. Anachukua kipande cha jeni kutoka kwenye mmea mwingine ambao bakteria yule anauogopa, anakishonea ndani ya kiazi.

"Mzee, wewe unaunganisha ukoo mzima, na wajomba walevi wamo humohumo," alikuwa anamtania. "Mimi nachukua kitambaa ninachokihitaji tu."

"Na nguo zako zitasubiri vibali vya serikali mpaka zitoke kwenye fasheni."

"Bora zisubiri vibali kuliko kusubiri wajukuu."

Waliheshimiana sana, ndiyo maana walitaniana hivyo.

Jaribio likafanyika. Vyungu vyote vikamwagiwa, na mimea ikaanza kulegea mmoja baada ya mwingine. Kichwa Ngumu akabaki wima. Shina lake moja likakatwa, maji kwenye glasi yakabaki safi. Mkuu wa kituo akampiga picha, akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la kazini, na kundi likalipuka kwa makopa na vibonzo vya kucheza. Wakapanga kuanza kuzalisha mbegu. Jioni mke wa Mshenga akampigia mama yake, na jibu likarudi kwa sauti iliyorekodiwa: "Mwambie mkwe jembe nimeshalinoa."

Mshenga akaisikiliza sauti hiyo mara mbili, anacheka peke yake kama amependa.

Kesho yake mchana alikwenda kula bandani kama kawaida, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, Kichwa Ngumu pembeni yake. Kijiko kikaanguka, kikabingirika mpaka katikati ya banda. Alipokifuata, shati likamganda mgongoni kwa joto. Aliporudi kwenye ndoo, upepo ukamkausha. Akasimama hapohapo na kijiko mkononi.

Vyungu bandani huwa vinazungushwa. Leo mlangoni, kesho katikati, ili asiwepo wa kukaa peponi peke yake. Bakteria wa mnyauko anapenda joto, kwenye ubaridi analala. Mshenga alikuwa amevizungusha vyungu vyote isipokuwa kimoja. Mara ya kwanza alimleta Kichwa Ngumu mlangoni kwa sababu aliona majani yake yamechoka. Baadaye akamwacha kwa sababu, basi, walikuwa wamezoeana kula pamoja.

Cherehani akaingia, viatu vinadondosha maji ya dawa. "Mzee, mbona sura ya msiba? Shujaa wako huyo hapo."

"Kaa hapa." Akampa ndoo. "Unasikia nini?"

"Nasikia njaa."

"Sikia vizuri."

Binti akatulia. Upepo ukampuliza shingoni. Akaangalia mlango, akaangalia chungu, utani ukamtoka usoni. "Hukumzungusha."

"Sikumzungusha."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi na yeye."

"Mdomo wangu naweza kuushona, unajua ni fani yangu."

"Na bakteria utamshona mdomo?"

Cherehani akainuka kwenye ndoo. Wote wawili walijua kitakachotokea mbegu zikifika kwenye joto la shambani, kwa wakulima walioambiwa walale usingizi, ugonjwa umekwisha. Mshenga akatoa simu. Kwenye kundi lilelile, chini ya makopa yote yale, akaandika kwa vidole vyake vya ndizi: "Jaribio la Kichwa Ngumu halifai. Nilimweka mlangoni kwenye ubaridi, sikumzungusha. Kosa ni langu. Naomba turudie." Tiki zikageuka bluu moja moja. Hakuna aliyeweka kibonzo. Baada ya muda mkuu wa kituo akaandika, "Rudieni," na picha akaifuta mwenyewe.

Hapo ndipo mimi ninapomvulia kofia. Kukubali kosa mbele ya mtu mmoja wengi tunaweza. Mbele ya kundi la kazini, siku moja baada ya kupigiwa makofi, hiyo ni habari nyingine.

Wakaotesha miche mipya ya Kichwa Ngumu na kuipanga pamoja na ya Cherehani. Safari hii Mshenga alipigwa marufuku kugusa vyungu. Cherehani ndiye aliyezungusha, na Mshenga akawa anakula nje, ameligeuzia banda mgongo.

Wengine wakalegea mapema. Kichwa Ngumu akashindana nao, akashindana sana, mpaka mchana mmoja wa joto jani la chini likainama, kisha la juu yake. Mshenga akakata shina mwenyewe. Uzi ukashuka. Mwembamba, lakini ulikuwepo. Akautazama mpaka ukafika chini ya glasi.

Viazi vya Cherehani vilisimama, na maji yao yalikuwa safi. Tatizo, alikuwa ameshonea kwenye aina ya maabara, nyepesi kushona, na mke wa Mshenga alishaitolea hukumu zamani: ukiikaanga unatafuna karatasi.

"Mzee," Cherehani akasema, safari hii bila kicheko, "nimekuja kuposa. Wangu ana afya, wako ana ladha na ukaidi kidogo."

"Wako ana vibali?"

"Tutavitafuta."

"Basi tutaongea na ukoo."

Kilichobaki ni kwenda kwa mama mkwe. Angeweza kumtuma mke wake au kupiga simu. Alikwenda mwenyewe, amevaa shati la kupigwa pasi, maneno yote ameyapanga kichwani. Alipofika getini yakamtoka, kwa sababu chini palikuwa na karai la maji ya dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumbukiza viatu kwanza. Wewe unatoka kwa wagonjwa."

Akatumbukiza. Nyuma ya mama aliona shamba lote lina mahindi na majani ya ng'ombe, hakuna mche wa kiazi hata mmoja, kama alivyoagiza.

"Hakuweza, mama. Kwenye joto alianguka. Msimu huu sina kitu."

"Nilisikia wote wanasherehekea."

"Walisherehekea upepo wa mlangoni."

Akamweleza yote, ndoo, kijiko na uzi. Mama akasikiliza huku anamenya mahindi.

"Ungeniletea hivyohivyo, ningejua?"

"Usingejua. Ungepanda."

"Na glasi yangu ya wageni ingetoka tena kabatini." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa basi, mkwe, mbona umesimama kama mdai. Huyo Kichwa Ngumu, mmemtupa?"

"Hapana. Ameposwa."

"Na nani?"

Mshenga akakaa, akatoa brashi ya mashavu kwenye mfuko wa shati, akaipangusa kwenye kiganja, akaanza kumweleza mama mkwe habari za bwana harusi wa maabara.